Usimfukuze kabla ya kumuuliza

Msomaji, huenda nawe umewahi kutamka maneno haya: "Huyu nimemchoka, na aende!" Pengine ulikuwa ukimwambia mfanyakazi wako wa nyumbani aliyeunguza maharagwe kwa mara ya tatu wiki hiyo. Pengine ulikuwa ukisema juu ya mwanao mwenyewe, ripoti ya shule ikiwa mkononi. Leo nataka tuyazungumzie maneno hayo, na nitaanza na kisa cha jirani yangu wa hapa Thika. Amenikubalia nikisimulie mradi nisimtaje jina, wala shule aliyosomea mwanawe.

Jirani huyu ana duka la vifaa vya ujenzi: simiti, misumari, mabati na rangi. Ana pia lori kuukuu ambalo hubeba mawe kutoka matimbo ya Ndarugo na kuyapeleka popote mteja anapojenga. Wakati huo lori lilikuwa na dereva hodari, mtu anayejua kurudisha gari nyuma katika kichochoro ambacho mimi hata kwa miguu napita kwa shida. Lakini alikuwa mtu wa chupa.

Mapema mwaka wa 2022 dereva alifika kazini asubuhi akinuka pombe. Ilikuwa mara ya pili katika mwezi mmoja. Mara ya kwanza alikuwa ameangusha lango la mteja. Sisi majirani tulijua kwamba siku hiyo atamwaga unga, na wengine walikuwa tayari wamesimama mlangoni kutazama.

Haikuwa hivyo. Jirani alimpokonya ufunguo, akamwambia aende nyumbani akalale. Siku iliyofuata alimwita dukani, akamkalisha juu ya mifuko ya simiti, akamwambia achague mwenzake mmoja wa kukaa naye. Kisha akamuuliza, "Una nini siku hizi?" Ilichukua muda, lakini mwishowe dereva alisema. Mkewe alikuwa ameondoka na watoto tangu Krismasi, akarudi kwao Kitui. Nyumba aliyorudia kila jioni ilikuwa kimya.

Jirani hakutoa pole nyingi. Alisema: "Miezi miwili hutagusa usukani. Mshahara wako hautapungua, lakini utapakia mawe pamoja na wenzako. Kila siku saa moja asubuhi utakuwa hapa nikuone macho. Ukikosa bila sababu, tumeachana." Aliyaandika hayo yote katika daftari lake la madeni. Dereva akatia sahihi, na yule mwenzake akatia yake. Miezi miwili ilipokwisha, dereva alirudishiwa ufunguo. Na kabla ya mwaka kwisha mkewe alirudi pamoja na watoto.

Nilimsifu sana jirani yangu. Sikujua kwamba bado nilikuwa sijamwona upande wake wa pili.

Julai mwaka huo huo, mwanawe aliyekuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni alishuka kwenye matatu akiwa na sanduku la bati. Alikuwa amesimamishwa masomo kwa majuma mawili, kisha arudi na mzazi. Kosa lilikuwa kuruka ua wa shule, si mara moja. Barua iliambatanishwa na ripoti: Hisabati 11 kwa 100, Kemia 9. Babake aliisoma akiwa amesimama kwenye kaunta, mbele ya wateja. Akasema, "Karo yangu haitapotea tena. Kesho unaanza kupakia mawe."

Jioni hiyo mama wa kijana alinijia machozi yakimlengalenga. "Dada, wewe huandika magazetini, hebu zungumza naye." Watu hudhani kwamba kuandika magazetini humfanya mtu asikizwe. Laiti wangelijua nyumbani kwangu! Hata hivyo nilikwenda Jumapili baada ya kanisa.

Jirani alinikaribisha chai na kurudia uamuzi wake. Mtoto ni mvivu, umri umeenda, shule si ya kila mtu. Kuhusu umri nilimkumbusha Mzee Kimani Maruge, aliyeanza darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka wa 2004 akiwa na miaka 84. Mwalimu mkuu angaliweza kumfungia lango, na watu wengi wangalisema amefanya sawa. Alimfungulia, na mzee naye akakubali masharti: alivaa sare na kuketi na watoto wenye umri wa vitukuu wake. Mwanao ana miaka 17, nilimwambia.

Akacheka kidogo. Ndipo nikamuuliza, "Umemuuliza mtoto kwa nini alikuwa akiruka ua?"

"Nimuulize nini, na ripoti inasema yote?"

"Mbona dereva ulimuuliza?"

Alinyamaza. Kisha akanipa jibu ambalo sijalisahau hadi leo: "Dereva mzuri hapatikani kirahisi, dada."

Hebu tulitue neno hilo, msomaji, kwa maana nadhani wengi wetu tuko hapo. Tunamsamehe yule tunayemhitaji. Fundi anayejua mashine peke yake hufika amechelewa na hakuna anayemgusa. Mwanafunzi anayeleta vikombe vya riadha huvunja sheria za shule na mwalimu hugeuka upande. Lakini yaya, mfagiaji, mtoto wa mwisho darasani, hao hupigwa kalamu au kutumwa nyumbani kwa kosa dogo, kwa sababu tunadhani kuondoka kwao hakutugharimu kitu. Hapo tunakuwa hatumpi mtu nafasi ya pili. Tunalinda biashara yetu tu, kisha tunajiita wenye huruma.

Kijana aliitwa. Alisimama mlangoni kama mgeni. Babake, kwa shingo upande, alimuuliza swali lile lile alilomuuliza dereva.

Alianza kidato cha kwanza Januari 2020. Katikati ya Machi shule zote zilifungwa kwa sababu ya korona, na yeye hakurudi darasani hadi Januari 2021. Miezi hiyo yote alishinda kwenye lori la babake akipakia na kupakua, na kila jioni alipewa shilingi 200. Shule zilipofunguliwa, mihula ilifupishwa ili kufidia wakati uliopotea. Walimu walikimbia na silabasi kama matatu za Thika Road. Hisabati ya kidato cha kwanza ilimpita, na ile ya pili imejengwa juu ya ya kwanza, kwa hiyo nayo ikampita. Siku moja aliuliza swali, darasa zima likacheka. Hakuuliza tena.

"Na kuruka ua?" babake akauliza.

Alikuwa akienda sokoni karibu na shule kusaidia kupakia magari. Si kwa ajili ya sigara wala wasichana, kama tulivyodhani. "Kule nikimaliza kupakia, mwenye gari huniambia kazi nzuri," alisema. "Wewe ndiwe uliyenifundisha kupakia, Baba."

Hakusema kwa ujeuri. Jirani yangu alikoroga chai yake kwa muda mrefu, na haikuwa na sukari.

Sisemi kwamba kijana hakukosa. Kutoka shuleni bila ruhusa ni kosa, na angeweza kugongwa na gari huko nje huku babake akiamini yuko bwenini. Lakini ona tofauti. Ripoti ilisema "mvivu", kumbe mtoto alikuwa akitoroka darasani kwenda kufanya kazi ngumu kuliko darasa. Mtu mvivu hapakii mawe. Dawa ya uvivu na dawa ya mtoto aliyeachwa nyuma si moja, na huwezi kujua utoe ipi kabla ya kuuliza.

Kesho yake baba na mwana walikwenda shuleni, siku kadhaa kabla ya majuma mawili kwisha. Naibu wa mwalimu mkuu, mama asiyependa maneno mengi, aliwasikiliza kisha akatoa masharti yake. Kijana ataketi mbele. Atarudi kwenye kitabu cha Hisabati cha kidato cha kwanza, na kila Ijumaa atamletea maswali kumi aliyoyafanya kwa mkono wake. Akiruka ua tena, suala lake litapelekwa mbele ya bodi ya shule. Halafu akamgeukia baba. "Na wewe nitakuona siku za kutembelea wanafunzi?" Jirani yangu alikuwa hajawahi kwenda hata siku moja, hiyo ilikuwa kazi ya mama. Alirudi nyumbani, akafungua daftari la madeni, akaandika masharti hayo kwenye ukurasa unaofuata ule wa dereva. Kijana akatia sahihi, na yeye pia.

Usidhani kwamba kumsikiliza mtu kabla ya kumfukuza ni hisani tu. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa kabla ya kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake au mwakilishi wa chama wakati wa maelezo hayo. Jirani yangu hakuwahi kuisoma sheria hiyo. Aliifuata kwa akili yake. Mwajiri akiipuuza, korti inaweza kumtoza fidia ya hadi mshahara wa miezi 12. Nawe mama unayemwambia yaya "funga virago" saa mbili usiku, naye pia ni mfanyakazi machoni pa sheria hiyo. Kwa upande wa shule, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 hairuhusu mwanafunzi afukuzwe kiholela. Kuna kanuni za kufuatwa. Kiboko nacho kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, ingawa sote tunajua kuna mahali habari hiyo haijafika.

Mimi mwenyewe nisingekuwa ninakuandikia leo kama mtu mmoja hangeniuliza. Nilipotoka chuoni na diploma yangu mpya, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanga matangazo ya vifo. Juma la tatu niliandika jina la ndugu aliye hai mahali pa marehemu. Familia ilifika ofisini asubuhi, na "marehemu" akiwa mbele yao. Nilianza kukusanya vitu vyangu kabla sijaambiwa. Mhariri wangu, mama mtu mzima, aliniuliza nimelala saa ngapi. Nilikuwa sijalala, nilikuwa na mtoto mchanga mgonjwa nyumbani na niliogopa kusema, nisije nikaonekana sifai. Aliniamuru niombe radhi kwa familia ile ana kwa ana, na kwa miezi miwili nilisoma kila tangazo kwa sauti mbele yake kabla halijaenda kuchapishwa. Ilikuwa aibu kubwa. Hadi leo nikiona jina la mtu kwenye karatasi mimi hulisoma mara mbili.

Najua utaniuliza, nafasi ngapi? Kuna mambo ambayo siyaingizi katika mazungumzo haya. Mwalimu anayewaharibu wanafunzi apelekwe polisi, si kupewa barua ya onyo na kuhamishiwa shule nyingine akaendelee. Na dereva mlevi hapewi nafasi ya pili akiwa ameshika usukani. Ndiyo maana jirani yangu alianza kwa kuchukua ufunguo. Zaidi ya hayo, siwezi kukupa hesabu. Najua tu kwamba nafasi isiyo na masharti ni kufumba macho, na masharti yasiyo na mtu wa kuyafuatilia ni karatasi.

Nayo si lazima ifaulu. Mwaka wa 2024 dereva aliangukia tena pombe. Jirani alimwita, akakaa na mwenzake kama mara ya kwanza, wakazungumza, na safari hii wakaachana. Alilipwa haki yake yote. Nilimuuliza jirani kama anajutia ile miezi miwili ya kumlipa mtu mshahara wa dereva kwa kupakia mawe. Alisema hapana. Mtoto mkubwa wa dereva alikuwa kati ya wale wa mwisho kufanya mtihani wa KCPE mwaka wa 2023, na aliufanyia hapa Thika, babake akiwa na kazi.

Kijana naye alifanya KCSE mwaka huo huo. Matokeo yalipotoka Januari 2024, alikuwa na D+. Hakuna mbuzi aliyechinjwa. Jirani mmoja alisema kwa sauti kwamba karo imepotea kweli. Lakini gredi hiyo ilimtosha kujiunga na chuo cha kiufundi kwa kozi ya cheti ya ufundi wa magari, na huko, wanasema, anauliza maswali hadi mwalimu anachoka.

Huja nyumbani Ijumaa jioni. Jumamosi utamkuta amelala chini ya lile lori kuukuu, na babake ndiye anayempitishia spana.