Gunia la viazi lisivushe mnyoo mpakani

Anayevusha viazi Katuna au Busia hukaguliwa mzigo na stakabadhi zake. Udongo ulioganda kwenye viazi hivyo mara nyingi hauulizwi lolote. Humo ndimo anamosafiri mnyoo wa viazi, ambaye wataalamu humwita Globodera rostochiensis. Kenya alithibitishwa mwaka 2015. Baadaye akaonekana Rwanda na Uganda.

Jike akifa, mwili wake hugeuka kifuko kigumu, kidogo kama chembe ya mchanga, chenye mamia ya mayai. Kifuko hicho huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 kikisubiri viazi vipandwe.

Silaha ya mnyoo huyu ni protini anazotema. Ana sindano mdomoni. Huchoma seli ya mzizi na kuzimimina humo. Baadhi huyeyusha kuta za seli, jambo lililotangazwa na watafiti mwaka 1998. Nyingine huzima kinga ya mmea na kuufanya mzizi umlishe yeye. Mkulima akiona majani ya njano na viazi vidogo, hudhani ni upungufu wa mbolea.

Umbo la protini ndilo linaloamua kazi yake, kama meno ya ufunguo. Ukiujua ufunguo wa mwizi, unabadilisha kitasa. Tayari zipo aina za viazi zenye jeni H1 zinazomtambua mnyoo huyu na kumnyima chakula, lakini baadhi ya koo zake huikwepa. Ndiyo maana lazima tuchunguze protini za minyoo ya mashamba yetu wenyewe, tusitegemee majibu ya Ulaya.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zichangie kazi hiyo kwa pamoja, zipeane matokeo na zitambue cheti kimoja cha mbegu safi. Shamba likiambukizwa Nyandarua, hasara itafika Kigali.

Nanyi wafanyabiashara mna sehemu yenu. Msipakie viazi vyenye udongo. Kung'uteni magunia kabla ya kuyatumia tena. Zaidi ya yote, msiuze viazi vya kula kama mbegu, hata mteja akibembeleza. Faida ya gunia moja leo inaweza kuua shamba ambalo mngelinunulia viazi kwa miaka mingi ijayo.