Watumishi waelezwe kabla mfumo mpya haujafika

Katika ofisi nyingi za umma imekuwa desturi kwamba mfumo mpya wa kompyuta humfikia mtumishi kwa njia ya barua. Barua hiyo huwa fupi, imegongwa mhuri, na humtaka kila mtumishi awe amekwisha kujiandikisha kabla ya tarehe fulani, ambayo mara nyingi huangukia juma lile lile. Semina hufuata baadaye, kama ikifuata. Mtumishi aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka ishirini, kwa jalada na kalamu, ndiye anayekuwa mtu wa mwisho kujua kwamba kazi yake imebadilishwa.

Ubishi hapa si juu ya mitambo yenyewe. Mtumishi aliyewahi kusafiri siku mbili kutoka wilayani, kwa nauli yake, kwenda kufuatilia faili la kupandishwa cheo na kujibiwa kwamba halionekani masjala, hawezi kuzitamani enzi hizo. Leo mtumishi huomba likizo au uhamisho kupitia mfumo wa ESS, na hati ya mshahara huipata bila kumbembeleza mtu. Hayo ni maendeleo, na anayeyabeza hajui adha iliyokuwapo. Ubishi ni juu ya saa anayoambiwa mwenye kazi.

Wakuu wengi wa idara hudhani kwamba wasiposema neno, basi hapana neno linalosemwa. Hilo ni kosa kubwa. Ofisi haikai bila habari. Mkubwa akinyamaza, habari hutungwa kwenye chai ya saa nne, na kufikia adhuhuri imekwisha kuvuka barabara hadi idara ya pili. Husemwa kwamba watunza kumbukumbu watapunguzwa kwa kuwa majalada yanaingizwa kwenye kompyuta. Husemwa kwamba mtambo umeletwa kuhesabu dakika za kila mtu ili wapatikane wa kuachishwa. Wala si haki kuwacheka wanaoyasema hayo, maana wana sababu. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwataja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Kazi ile ilikuwa na sababu zake na lengo lake. Lakini kwa aliyeishuhudia, agizo lolote la kujaza upya taarifa zake bila maelezo humkumbusha siku zile, hata kama jina lake halikuwamo na vyeti vyake ni halali. Mtu mwenye hofu hajifunzi mtambo. Hujaza kinachotakiwa ili asionekane hakujaza.

Historia ya kompyuta hapa nchini ina funzo ambalo wengi wamelisahau. Kompyuta ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na miaka michache baadaye ikaanza safari ya kuzihamishia humo hesabu za Serikali. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, na kazi ikategemea wageni. Watunza hesabu, ambao ndio waliozijua hesabu zenyewe, wakakuta kazi imehamia katika chombo wasichokielewa. Hesabu zikavurugika, ikabidi kurejea katika njia za zamani, na mwaka 1974 Serikali ikazuia kuingizwa kwa kompyuta nchini. Ilichukua miaka mingi kabla mlango huo haujafunguliwa tena sawasawa. Kulikuwa na sababu nyingine pia, zikiwamo za fedha za kigeni, na haingekuwa kweli kusema kwamba maelezo kwa watumishi peke yake yangeiokoa kazi ile. Hata hivyo ni vigumu kuona jinsi mtambo wa hesabu ungeweza kufaulu bila watunza hesabu kuujua.

Mfano wa karibu zaidi ni upimaji wa utendaji kazi. Mwaka 2004 ulianzishwa mpango wa OPRAS ili kuondoa zile taarifa za siri, ambapo mkubwa alimwandika mdogo wake na mdogo asijue kilichoandikwa. Shabaha ilikuwa njema: mtumishi na msimamizi wake wakae pamoja, wakubaliane malengo ya mwaka, na mwisho wa mwaka wapimane kwa uwazi. Kilichotokea mahali pengi kinajulikana na kila aliyeshika fomu zile. Zilijazwa mwezi Juni kwa mkupuo mmoja, malengo na matokeo siku moja, kwa kunakili za mwaka uliopita. Katika mwaka wa fedha 2023/24 nafasi ya OPRAS ikachukuliwa na PEPMIS, mfumo wa kompyuta ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na kuyagawa katika kazi ndogo ndogo, na msimamizi huidhinisha.

Chukua mwalimu wa darasa la kwanza katika shule ya kijijini. Kazi yake ni kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Yapo maswali ambayo angeyauliza mapema, kama angepewa nafasi, na kila moja lingemsaidia mtengenezaji wa mfumo. Je, mtoto anayeanza kusoma mwezi wa Agosti badala ya Machi huandikwa kama kazi iliyotimia au iliyochelewa? Mwalimu ambaye simu yake ni ya kitochi ataingia kwa simu ya nani, na bando litalipwa na nani? Mwalimu mkuu mwenye walimu ishirini, ambaye yeye mwenyewe ana vipindi, ataidhinisha kazi zao saa ngapi? Alama itakayopatikana itagusa kupanda daraja, au ni kwa ajili ya kumbukumbu tu? Maswali haya si ya ukaidi, wala hayahitaji elimu ya kompyuta. Yanamhitaji mtu anayejua jinsi siku ya mwalimu inavyokwenda, na mtu huyo ni mwalimu. Yakiulizwa mfumo ungali katika karatasi, jibu lake ni kufuta mstari na kuandika mwingine. Yakiulizwa baada ya mfumo kusimikwa, jibu lake huwa waraka wa kuongeza muda, kisha waraka wa pili, na mwishowe kijana mmoja mwenye simu nzuri huwajazia walimu wote wa kata kwa malipo kidogo, huku nywila zao zikiwa zimeandikwa katika daftari lake. Hapo OPRAS inakuwa imerudi kwa mlango wa nyuma.

Ni mapema kiasi gani basi? Wakuu husema kwamba wanangoja mambo yakamilike ndipo wayatangaze, kwa kuogopa kusema jambo ambalo baadaye litabadilika. Hoja hiyo inasikika kama busara, lakini ikichunguzwa haisimami. Mambo yakisha kukamilika, kinachobaki kwa mtumishi ni kutii, na kumweleza wakati huo ni kumpa taarifa tu. Mapema ni pale wazo linapoanza kuandikiwa dokezo, kabla mkandarasi hajapatikana na kabla fedha haijafungwa. Mkuu wa idara anaweza kusimama mbele ya watumishi na kusema: lipo kusudio hili, sababu zake ni hizi, haya yamekwisha kuamuliwa, na haya bado. Neno “bado” halimvunjii mkubwa heshima. Kinachomvunjia heshima ni kukanusha mwezi Machi jambo ambalo mwezi Juni linatekelezwa.

Lipo na swali ambalo wakuu hulikwepa kuliko yote, nalo ni la ajira. Nani atabaki, nani atahamishwa, nani atafundishwa kazi nyingine? Mpiga chapa, mtunza masjala na mhudumu wa kubeba majalada hawadanganyiki na hotuba ya kwamba teknolojia haitamgusa mtu, kwa sababu wanaona kwa macho yao majalada yakipungua mezani. Ni heri kuwaambia miaka miwili kabla kwamba kazi ya kubeba faili itakwisha, na kwamba nafasi ya kujifunza kuzipiga picha na kuzihifadhi nyaraka ipo na itagharimiwa, kuliko kuwapa faraja ya uongo. Mtu wa miaka 45 anaweza kujifunza kazi mpya akipewa muda. Asipopewa, hata wa miaka 25 atashindwa.

Hili si jambo la hisani ya mkubwa. Tangu Waraka wa Rais Namba 1 wa 1970, ulioagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, nchi ilikwisha kukubali kwamba mfanyakazi ana sauti katika uendeshaji wa mahali pake pa kazi. Sheria ya mwaka 2003 ya majadiliano ya pamoja katika utumishi wa umma imeyaweka mabaraza hayo katika utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza wafanyakazi atoe taarifa ya kusudio hilo mara tu anapolifikiria, aeleze habari zote zinazohusika, na ashauriane kabla ya kutenda. Kama sheria inataka hivyo kwa jambo zito la kupunguza watu, ni ajabu kwamba mabadiliko ya kazi yenyewe, ambayo ndiyo huzaa upunguzaji, yaendeshwe kimya kimya.

Tena maelezo hayo yatolewe na msimamizi wa kazi. Mara nyingi mzigo huu hutupiwa afisa wa TEHAMA, kijana hodari lakini asiye na mamlaka juu ya vyeo wala majukumu. Akiulizwa jinsi ya kubadilisha nywila atajibu. Akiulizwa kama mtunza masjala atabaki kazini, atatazama chini, na ukumbi mzima utalisoma jibu katika uso wake. Mwalimu mkuu na afisa elimu kata nao hawana budi waelezwe kabla ya walimu wao, ili wasifike kikaoni wakiwa wamesoma waraka ule ule kwa simu ile ile usiku uliotangulia.

Nafasi ya kufanya hivyo ipo, wala haihitaji kamati mpya. Kila mwaka mabaraza ya wafanyakazi hukutana kupitia makisio ya bajeti, na fedha ya mfumo, mafunzo na vifaa vyake hupita mbele ya wajumbe ikiwa imejificha katika kasma moja ya maneno matatu. Wajumbe waliombe fungu hilo lifafanuliwe: mfumo gani, kwa kazi ipi, unaanza lini, na fedha ya kuwafundisha watumishi ni kiasi gani. Mwenyekiti wa baraza, ambaye ndiye mkuu wa taasisi, yupo pale pale mezani.