Mwimbaji wa Zamani Naye Aliokota

Albamu mpya ikitoka na harufu ya zamani, hukumu huwa imeshaandikwa: msanii kaishiwa, sasa anafukua makaburi. Ni hukumu ya uvivu. Wanaoitoa hudhani nyimbo za jadi zilizaliwa zimekamilika, zikafungiwa kabatini.

Chukua The Hazards of Love, albamu ya Machi 2009 ya The Decemberists, bendi ya indie ya Portland, Marekani. Jina hilo mtunzi wao, Colin Meloy, alilikuta kwenye santuri ndogo ya miaka ya 1960 ya Mwingereza Anne Briggs. Santuri hiyo ina nyimbo nne, sauti tupu bila hata gitaa, na hakuna hata mmoja unaoitwa hivyo. Meloy akaamua kuutunga huo uliokosekana. Ukamzidi kimo: ukawa kisa kimoja cha mapenzi na mauaji kwa nyimbo 17.

Humo yumo mgane anayewaua watoto wake watatu ili arudie ukapera. Ngoma zinatwangwa kwa vishindo, naye anasimulia kwa raha, kama mtu aliyelipa deni. Baadaye watoto wanarudi kutoka kuzimu wamtafute, na wanaoimba ni watoto kweli. Anayezijua nyimbo za visa za Uingereza atakumbuka The Cruel Mother, namba 20 kati ya 305 alizozikusanya Francis James Child katika karne ya 19. Mle muuaji ni mama, na kinachomsukuma ni aibu ya kuzaa nje ya ndoa. Kwa Meloy muuaji ni baba, na hana aibu yoyote. Kachoka tu kulea. Mwigaji gani hubadilisha kosa lenyewe?

Kisha anaingia mwimbaji Shara Worden, akiwa malkia wa msituni, na magitaa mazito ya mtindo wa miaka ya 1970. Wapenzi wa jadi safi huziba masikio hapo. Kweli, albamu ina mahali inapochosha, na maneno ya kikale ya Meloy mengine yanataka kamusi. Lakini hayo ni makosa ya mtu aliyejaza mno, si ya aliyeishiwa.

Na Briggs je? Nyimbo zile nne hakutunga hata mmoja. Polly Vaughan, mmojawapo, uliimbwa vizazi kadhaa kabla hajazaliwa mwaka 1944. Bob Dylan naye aliusikia wimbo wa jadi Scarborough Fair kwa mwimbaji Martin Carthy, London, akatoka na Girl from the North Country mwaka 1963. Briggs na Dylan huitwa waasisi, tena na watu walewale wanaowaita The Decemberists wafukua makaburi.