Walimu wafunzwe kumtambua mtoto anayekosa pumzi

Katika baadhi ya shule zetu za bweni, mwanafunzi anaporejea siku ya kufungua shule sanduku lake hupekuliwa, na dawa zote alizo nazo hufungiwa kabatini mwa ofisi. Sina ugomvi na upekuzi huo, kwa maana sote twajua yanayoingizwa mabwenini kwa jina la dawa. Lakini inapofungiwa humo inhela ya mtoto mwenye pumu, huku ufunguo ukiwa mfukoni mwa mtu anayelala nje ya shule, utaratibu umegeuka kuwa hatari.

Nayasema haya kwa kuwa muhula wa pili huangukia miezi ya baridi, Juni na Julai, wakati ambapo mafua huenea mabwenini. Tena pumu hupenda kuzidi usiku na alfajiri. Walio karibu na mtoto saa hizo si daktari wala mzazi, bali ni matroni, mwalimu wa zamu na kiranja wa bweni. Je, wanajua wanachopaswa kukitazama?

Aghalabu hawajui. Wao husubiri mtoto aseme kwamba hawezi kupumua, ilhali mtoto wa miaka sita hana neno la hali hiyo. Atasema kifua kinamwuma, au tumbo, au hatasema lolote bali ataketi kando wenzake wakicheza. Naye wa miaka kumi na miwili huona haya, maana amekwisha kuitwa mvivu. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia, tena kwa nia njema, kwamba mtoto wa jirani yangu hujisingizia ugonjwa kila siku ya michezo. Nilimwuliza kama amewahi kumvua shati akamtazama mbavu. Hakuwahi.

Na ushahidi umo humo mbavuni. Pumu inapombana mtoto, misuli inayozunguka mirija ya hewa hukaza, kuta za mirija huvimba, na makohozi huziba nafasi iliyosalia, hata kifua kikalazimika kufanya kazi maradufu. Ngozi iliyo baina ya mbavu hubonyea ndani kila anapovuta pumzi. Penye koo, juu ya mfupa wa kifua, hutokea shimo. Mabawa ya pua hutanuka. Mtoto hukataa kulala chali, akaketi ameinama mbele na mikono magotini. Mwulize jambo la kawaida, kama vile amekula nini. Akikatiza jibu kila baada ya maneno mawili ili avute pumzi, usingoje dalili nyingine. Nyumbani, mama atamwona mchanga akiachia titi kila mara ili apumue. Kwa hawa wadogo saa ya mkononi yafaa pia: kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za kasi kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, na 50 kwa aliye baina ya miezi miwili na mwaka. Ahesabiwe akiwa ametulia, dakika nzima.

Ninaloliogopa kuliko yote ni kutegemea masikio. Watu wameizoea ile sauti ya mluzi kifuani, na ikitoweka humshukuru Mungu. Waama huweza kutoweka kwa sababu dawa imefanya kazi. Lakini huweza pia kutoweka kwa sababu hewa inayopita imekuwa haba mno hata haitoi sauti. Mtoto ambaye kifua chake kimenyamaza, naye akasinzia na kulegea, hajapona. Huyo ndiye wa kukimbizwa hospitali kabla ya wote. Wala tusingoje midomo igeuke rangi. Dalili hiyo huja ikiwa imechelewa, na kwa ngozi zetu nyeusi ni vigumu kuiona pasipo kutazama ulimi na ufizi.

Wapo wazazi wanaoificha inhela kwa kuamini kwamba aliyeianza haiachi. Dawa hiyo haimfanyi mtu mtumwa wake. Kuhusu gharama nawaelewa, ingawa kile chombo cha kupitishia dawa kinaweza kutengenezwa nyumbani: mwaka 1999 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni na kuzibwa vizuri kuizunguka inhela, huwafaa watoto sawa na cha dukani.

Naiomba Wizara ya Elimu itoe agizo kabla ya muhula wa pili. Muuguzi wa zahanati iliyo karibu aitwe alasiri moja awaonyeshe walimu na matroni dalili hizi. Inhela ya kutuliza iachwe mfukoni mwa mtoto anayejua kuitumia, na kwa aliye mdogo iwe kwa mwalimu wa darasa mchana na kwa matroni usiku, si kabatini. Mtoto akibanwa akalishwe wima, avute dawa kupitia chupa, na asipopata nafuu kwa dakika chache gari litafutwe papo hapo. Mzazi atapigiwa simu wakiwa njiani.