Mtoto Akiitwa Mafunzoni Mbali, Gharama za Kuhama Alipe Nani?



Kila mwaka, vyuo vinapokaribia kufunga, nyumba nyingi hupata habari njema iliyobeba mzigo. Kijana au binti anapokea barua kwamba amekubaliwa kufanya mafunzo kwa vitendo katika kampuni, kiwanda, hospitali au halmashauri. Nyumba nzima inafurahi. Kisha mama anatazama mahali palipoandikwa. Nyumbani ni Mwanza, mafunzo ni Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,100. Furaha haiondoki, ila usingizi unapungua.

Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatuthubutu hata kulitaja, yaani kumwomba mwajiri asaidie gharama za kumhamisha mtoto anayekwenda kwake kujifunza. Twaona ni aibu. Twasema, "Mtoto kapewa nafasi ya bure, naye tena aombe nauli? Si watamnyang'anya!" Basi twanyamaza. Twauza mbuzi, twakopa kwenye kikundi, na mtoto anapanda basi. Twadhani kazi yetu imekwisha, kumbe mtoto amefika mjini na mfuko mwepesi, mahali ambapo hana wa kumwambia shida yake.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Haja iliyosemwa mapema na mbele ya watu huweza kupata jibu jema. Haja iliyofichwa hadi usiku hupata majibu mengine, na hayo tutayataja hapa chini bila kung'ata maneno.

Gharama zenyewe ni zipi?

Tukisikia "gharama za kuhama" akili zetu hukimbilia nauli. Hebu tukae chini na kalamu. Tuchukue mfano wa binti anayekwenda mafunzoni kwa miezi mitatu, mahali ambapo hana ndugu:

Nauli ya basi na mzigo, Sh. 90,000/=
Godoro, ndoo, jiko dogo na sufuria, Sh. 150,000/=
Chakula na daladala kwa mwezi wa kwanza, Sh. 150,000/=
Kodi ya chumba, Sh. 80,000/= kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka ya miezi 6, Sh. 480,000/=
Dalali, kodi ya mwezi mmoja, Sh. 80,000/=

Jumla ni Sh. 950,000/=. Kila mama ataweka bei za mji anakokwenda mtoto wake, lakini hesabu yenyewe inatufundisha jambo. Nauli na mzigo havifiki hata sehemu moja ya kumi. Kodi na dalali peke yake vimemeza zaidi ya nusu. Tena tazameni: mafunzo ni ya miezi mitatu, kodi ni ya miezi sita. Sh. 240,000/= zinalipia chumba ambacho hakuna atakayelala ndani yake.

Ndiyo maana mtoto akiomba nauli tu, ameomba kile kilicho chepesi na kuacha kinachomvunja mgongo.

Je, mwajiri analazimika?

Hapa tuseme kweli ili tusidanganyane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri amsafirishe mfanyakazi hadi mahali alipoajiriwa, ajira inapokoma mahali pengine, au amlipie usafiri huo. Lakini sheria hiyo inamsema mfanyakazi. Mwanafunzi aliye mafunzoni kwa kawaida hahesabiwi kuwa mwajiriwa, na barua nyingi za mafunzo hueleza hivyo waziwazi. Hali huwa hiyohiyo kwa mhitimu anayefanya mafunzo ya utarajali, ambayo Serikali iliyatolea mwongozo mwaka 2017. Kwa hiyo mtoto asiende na maneno ya "haki yangu." Anakwenda na ombi. Na kwa kuwa ni ombi, lililokubaliwa lazima liandikwe kwenye barua, maana ahadi ya mdomo haipandi basi.

Tena, kabla ya kumwendea mwajiri, mtoto aulize chuoni. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ina fungu la mafunzo kwa vitendo miongoni mwa mafungu ya mkopo. Mwenye mkopo aulize kama fungu hilo limo katika mkopo wake, na fedha zitaingia lini. Mara nyingine shida ni kwamba fedha zipo, ila zitafika baada ya mwenye nyumba kutaka kodi. Hilo ni ombi jingine kabisa, tena jepesi zaidi.

Nani aombe, na lini?

Mtoto mwenyewe ndiye aombe. Twajua uchungu wa mama. Tungependa kuchukua simu na kusema, "Baba, huyo ni mwanangu, mtazame." Tusifanye hivyo. Ofisi inayopigiwa na mama humwona aliyekuja kuwa mtoto mdogo, na itamtendea hivyo muda wote wa mafunzo. Kazi yetu ni kukaa naye mezani, kumsaidia kupiga hesabu, kumsikiliza akisoma barua yake kwa sauti, na kumpunguzia woga.

Wakati mzuri ni baada ya kupokea barua ya kukubaliwa na kabla ya kuthibitisha kwamba atakwenda, walau wiki tatu kabla ya siku ya kuanza. Ofisi zina utaratibu wake, na fedha hazitoki siku moja. Anayeomba akiwa ameshafika, na begi mlangoni, anamweka afisa mahali pagumu.

Barua iende kwa afisa utumishi, au kwa yule aliyetia sahihi barua ya kukubaliwa. Isipite kwa mtu wa pembeni aliyesema, "Niachie mimi, nitakusemea."

Aombe nini?

Ofisi isiyoweza kutoa fedha inaweza kutoa kitu kingine. Basi aombe kwa kuchagua, mambo mawili au matatu, si yote:

Kwanza, kurudishiwa nauli kwa risiti ya basi au treni.

Pili, mahali pa kulala wiki mbili za kwanza, kama ofisi ina nyumba ya wageni au ya watumishi. Wiki mbili zinamtosha mtoto kutafuta chumba mwenyewe bila haraka, na pengine bila dalali.

Tatu, kutanguliziwa posho ya mwezi wa kwanza, kama mafunzo yana posho, kisha akatwe kidogo kidogo.

Nne, barua ya utambulisho kwa mwenye nyumba, inayoeleza kwamba mpangaji atakuwapo kwa miezi mitatu tu na anafanya mafunzo mahali fulani. Barua hii haiigharimu ofisi hata senti moja, lakini yaweza kumlainisha mwenye nyumba akubali kodi ya miezi mitatu. Katika mfano wetu, karatasi hiyo moja ina thamani ya Sh. 240,000/=, kuliko nauli mara mbili na zaidi.

Tano, kupangiwa tawi lililo karibu na ndugu, kama kampuni ina matawi.

Huu hapa mfano wa barua. Kama ofisi iliandika kwa Kiingereza, naye ajibu kwa Kiingereza, lakini mpango wa barua ubaki huu:

"Ndugu Afisa Utumishi,
Nashukuru kwa barua yenu ya kunikubali kufanya mafunzo kwa vitendo kwa miezi mitatu. Niko tayari kuanza tarehe mliyonipangia. Natokea Mwanza na sina ndugu Dar es Salaam. Nimepiga hesabu ya gharama za kuhamia huko, na nimeiambatisha. Familia yangu itagharimia vyombo, chakula na sehemu ya kodi. Naomba ofisi, ikiwezekana, inisaidie mambo mawili: kurudishiwa nauli ya kuja kwa risiti, na barua ya kunitambulisha kwa mwenye nyumba kwamba nitahitaji chumba kwa miezi mitatu tu. Kama utaratibu wenu hauruhusu, nitashukuru kupata ushauri juu ya mahali salama pa kuishi karibu na ofisi. Naomba jibu kwa maandishi ili niweze kujiandaa.
Wako mwaminifu."

Angalieni mambo matatu katika barua hiyo. Inaanza kwa shukrani wala haianzi kwa shida. Inaonyesha kwamba familia nayo imeweka mkono. Na inamwachia afisa mlango wa kutokea: asipoweza kutoa fedha, atoe ushauri. Mtu aliyeombwa hivi haoni kwamba amebanwa, na hana sababu ya kumnyima mtoto nafasi yake.

Msaada usiopita mlango wa mbele

Sasa tuseme lile tuliloahidi. Kuna msaada wa ofisi, na kuna msaada wa mtu. Msaada wa ofisi una barua, una risiti, na zaidi ya mtu mmoja wanaufahamu. Msaada wa mtu huja kwa simu usiku: "Usiandike barua, utachelewa. Mimi nitakutumia nauli kwenye simu yako. Chumba kipo, nina nyumba nyingine. Ila usiwaambie wenzako."

Mama, neno hilo "usiwaambie wenzako" ndilo kengele. Bosi mwema aliyeguswa na shida ya mwanafunzi hana sababu ya kujificha. Atampeleka binti kwa afisa utumishi na kusema mbele ya watu. Anayetaka siri ana bei atakayoidai baadaye, na bei hiyo haimo katika hesabu tuliyopiga juu. Kumdai mtu ngono ili apewe nafasi, fedha au ripoti nzuri ya mafunzo ni rushwa, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaikataza. TAKUKURU hupokea taarifa kwa simu ya bure namba 113. Binti aijue namba hiyo kabla ya kusafiri, na kijana wa kiume naye aijue, maana hata wao hutegwa.

Lakini namba peke yake haitoshi. Mabinti wengi hawasemi kwa sababu yetu. Wanakumbuka mbuzi aliyeuzwa, wanakumbuka mama aliyekopa, nao wanajiambia, "Nikirudi nyumbani sasa, nimemwangusha mama." Hivyo kabla hajapanda basi tumwambie kwa maneno yetu wenyewe, tena waziwazi: "Mwanangu, nafasi ikikudai heshima yako, iache, urudi. Nauli ya kurudi ninayo, na sitakuuliza kwa ukali." Kisha nauli hiyo iwepo kweli. Iwekwe kando siku ileile inapowekwa nauli ya kwenda, wala isiguswe kwa sukari.

Ofisi ikisema hapana

Hapana si tusi. Mtoto aandike mistari miwili ya kushukuru, kisha familia ikae upya. Zipo njia: wanafunzi wawili au watatu walioitwa mji mmoja wachangie chumba, kuulizia hosteli salama, kuuliza chuo kama anaweza kuhamishiwa mahali pa karibu, au kuomba mfuko wa jamii wa kikoba, ambao wanachama wanaujua na masharti yake yako wazi.

Njia moja tunawasihi muikimbie: mikopo ya kausha damu. Mafunzo ya miezi mitatu hayawezi kuzaa fedha ya kulipa riba ya namna hiyo. Mtoto atarudi na cheti, na mama atakuwa hana kitanda. Kama hesabu imekataa kabisa, ni heri mafunzo ya karibu katika ofisi ndogo, ambako mtoto atajifunza akiwa ameshiba, kuliko ofisi kubwa ya mbali anakolala na njaa.

Na ofisi ikikubali, tuweke kumbukumbu. Mali bila daftari huisha bila habari. Mtoto atunze kila risiti katika bahasha moja, aipeleke ofisini siku aliyoambiwa, na arudishe hata shilingi elfu mbili iliyobaki. Ofisi iliyomsaidia mwanafunzi mmoja vizuri na kuona fedha yake imetumika ilivyosemwa, itakuwa na moyo wa kumsaidia mwingine mwakani. Mwingine huyo aweza kuwa mtoto wa jirani yako.

Basi jioni moja wiki hii, mwenye mtoto chuoni amwite mezani, wachukue karatasi na kalamu, waanze na ile hesabu ya mistari mitano. Barua itafuata.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kijana anayekwenda kuishi kwa jamaa mjini: achangie nini, afanye kazi zipi, na mama aongee nini na shangazi kabla mtoto hajafika.