Kabla hujauza chai ya sindano za miti



Siku hizi naulizwa sana kuhusu chai ya sindano za miti: kuchuma majani ya msindano, kukausha, kupaki na kuuza kama kinywaji cha afya. Msimamo wangu nausema mapema: usiuze. Ila mbadala upo, na unalipa.

Sikatai kwamba kinywaji hicho kipo. Mwaka 1536 mabaharia wa Mfaransa Jacques Cartier walikuwa wanakufa kwa kiseyeye huko Kanada. Wenyeji wakawaonyesha mti wa kuchemsha majani na magome yake, wakanywa, wakapona. Wakorea nao wanakunywa chai ya majani ya paini mpaka leo. Lakini hao wote wanaujua mti wao. Sisi je?

Hapa kwetu "msindano" wa huyu ni paini, wa yule ni mkrismasi wa kwenye uzio, wa mwingine ni mvinje, ambao hata si jamii ya paini. Na paini inayopandwa sana nchini kwa mbao ni Pinus patula, asili yake Meksiko. Siyo ile ya Wakorea. Huko Marekani wafugaji wanajua kabisa kuwa ng'ombe mwenye mimba akila majani ya paini aina ya ponderosa anaweza kutupa mimba. Sasa mteja wako mjamzito utamwambia nini? Kuwa kitu ni cha asili hakukifanyi kiwe salama.

Na kama unachotafuta ni vitamini C, jamani, tuna mapera! Gramu 100 za pera zina zaidi ya miligramu 200, karibu mara nne ya chungwa.

Anayetaka biashara ya chai ya majani kama sindano apande rozimeri. Ni kichaka cha kijani mwaka mzima, na kinajulikana duniani kote kuwa kinaliwa. Kata vipandikizi vya sentimita 10 hadi 15, toa majani ya chini, otesha kitaluni kwenye udongo wenye mchanga. Adui yake ni maji yanayotuama, kwa hiyo milimani Tarime panda kwenye matuta. Upande wa Mugumu, mwagilia miche mpaka ishike. Kausha kivulini, jua linapoteza harufu. Kijiko kimoja cha chai kwa kikombe cha maji ya moto, funika dakika 5 hadi 10, chuja. Kwenye lebo andika kuwa mjamzito aulize kwanza kliniki.

Usikurupuke kupanda ekari nzima. Anza na tuta moja, peleka sampuli kwenye jiko la hoteli za watalii jirani na Hifadhi ya Serengeti, uliza wanataka kilo ngapi na kwa bei gani. Wakikubali, nenda SIDO wakuelekeze kuhusu usindikaji, halafu TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosajili vyakula.

Soko la chai likiharibiwa na mfuko mmoja uliomdhuru mtu, tutaumia wote, hata wenye rozimeri safi. Kwa hiyo mwenye mti asioujua aniletee tawi ofisini kabla hajachemsha chochote.