Uzito Kaupanga Nani?

Wiki hii tuzungumzie kuamua. Zipo programu za kompyuta zinazokupigia hesabu ya jambo lenye pande nyingi. Kigogo mmoja wa fani hiyo ni Thomas Saaty, mwanahisabati mzaliwa wa Mosul, Iraki, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani. Miaka ya 1970 alibuni njia ya kulinganisha vitu viwili viwili kwa alama 1 hadi 9, na miaka ya 1980 ikaingizwa kwenye programu ya Expert Choice. Ukisema usalama unazidi maji, maji yanazidi kodi, halafu kodi inazidi usalama, mashine inakushtukia: bwana wee, unajichanganya!

Huna programu hiyo? Excel inatosha. Juzi juzi niliwapigia dada yangu na shemeji hesabu ya vyumba viwili vya kupanga, kimoja Mbagala, kingine Sinza. Shemeji, ndiye mtoa mshiko, akagawa uzito: kodi asilimia 40, usafiri 30, maji 20, usalama 10. Kisha wote wawili wakavipa vyumba alama, mwisho 10. Mbagala ikapata kodi 9, usafiri 4, maji 5, usalama 6. Sinza 4, 8, 7 na 7. Zidisha, jumlisha: Mbagala 6.4, Sinza 6.1. Shemeji meno nje!

Dada akauliza swali moja tu: "Mimi ninayetoka zamu saa sita usiku, usalama ni asilimia 10 kweli?"

Kimya. Kodi tukaishusha hadi 30, usalama ukapanda 20. Alama za vyumba hatukugusa hata moja. Sinza 6.4, Mbagala 6.1!

Msiseme kompyuta kigeugeu. Imeonyesha ugomvi ulipo, basi. Wale hawakugombania vyumba, waligombania uzito. Bila lile jedwali wangenuniana wiki nzima, huyu akimwita mwenzie mpenda makuu, yule akimwita mumewe bahili.

Kwa hiyo jamani, gaweni uzito kabla ya kwenda kuona vyumba, kila mtu na karatasi yake. Ukishakipenda chumba utaupinda uzito mpaka kishinde. Na mlipa kodi asishike kalamu peke yake. Atakayetembea gizani naye apewe.

Wiki ijayo, panapo majaaliwa.